Kisa cha Voice of Kibera: wachangiaji wa habari za mtaa hupatikanaje, na nini huwaondoa

Kwenye ramani za mtandaoni za kabla ya mwisho wa 2009, Kibera, mtaa mkubwa wa mabanda jijini Nairobi, ilikuwa pengo kati ya Barabara ya Ngong na Lang'ata. Ramani za serikali ziliendelea kuiita msitu. Wakati huohuo, kila mgeni aliyefika na kamera aliondoka akitangaza kwamba pale wanaishi watu milioni moja, mpaka sensa ya 2009 ilipohesabu 170,070. Makosa yote mawili, la kuifuta Kibera na la kuikuza, yalifanywa na watu wasiolala pale.

Mwishoni mwa mwaka huo Erica Hagen na Mikel Maron walianzisha Map Kibera pamoja na vijana 13 wa vijiji vya humo. Vijana walipita vichochoroni na vifaa vya GPS wakaandika vyoo, zahanati, shule, vibanda vya maji, misikiti na makanisa, kisha wakayaingiza yote kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Ramani ilipopatikana, swali la pili likafuata lenyewe: sasa tunajua kila kitu kiko wapi, nani atatuambia leo kinaendaje? Mwaka 2010 ikafunguliwa Voice of Kibera, tovuti ya habari iliyojengwa juu ya Ushahidi, programu iliyoundwa Kenya Januari 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi. Kando yake likazaliwa Kibera News Network, kundi la vijana waliopiga video fupi kwa kamera ndogo za Flip na kuzipakia YouTube.

Tunachambua hapa kipande kimoja tu cha kisa hicho, kwa sababu kila tovuti ya habari za mtaa inayoendeshwa kwa kujitolea hukifikia: mafunzo yameisha, tovuti iko hewani, na kuanzia sasa inahitaji watu wa kuileta habari kila wiki bila mshahara. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Mchangiaji wa kweli ni msomaji aliyewahi kujibiwa. Tovuti ambayo majirani hawaioni haitapata waandishi hata ibandike matangazo mia, na tovuti inayoonekana lakini haijibu itawapoteza hata wale wachache waliojaribu.

Safari ya taarifa moja

Ndani ya Ushahidi ya wakati ule taarifa iliingia kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa fomu ya tovuti, ikakaa kwenye foleni ambayo msomaji haioni. Mhariri aliifungua, akaipa kichwa cha habari na kundi lake, akaiweka mahali pake kwenye ramani. Hapo akakutana na vitufe viwili tofauti. Cha kwanza kiliidhinisha taarifa ionekane. Cha pili kilieleza kama imethibitishwa. Taarifa iliweza kutoka hadharani ikiwa na alama kwamba bado haijathibitishwa, kisha alama ikabadilishwa mtu akishafuatilia.

Ni jambo dogo lakini lilifikiriwa vizuri, na wengi wanaojenga tovuti za mtaa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, au kwa kundi la WhatsApp hulikosa. Kwao habari ama imetoka ama haijatoka. Moto ukizuka saa mbili usiku, mhariri analazimika kuchagua kati ya kukaa kimya mpaka asubuhi na kutangaza jambo ambalo hajalihakiki. Kama mfumo wenu hauna vitufe viwili, wekeni mstari mmoja wa lazima juu ya kila habari ya dharura: nani ameona, saa ngapi, na nini bado hatujakihakiki.

Pagumu zaidi ni mahali. Chukua ujumbe wa aina inayoingia kila siku kwenye tovuti kama hii:

"Maji hakuna Soweto tangu juzi watu wanateseka."

Mgeni ataona habari iliyokamilika. Mtu wa Kibera atauliza mara moja, Soweto ipi? Kibera ina Soweto Mashariki na Soweto Magharibi, na Kayole nako kuna Soweto. Mashimoni iko Kibera, na Mathare pia ina Mashimoni yake. Kisumu Ndogo ni jina linalorudiwa katika miji mingine ya Kenya. Lindi ni kijiji cha Kibera, ila mashine ya kutafuta mahali itakupeleka kusini mwa Tanzania. Na "Raila kunachomeka" ni taarifa ya moto katika kijiji kiitwacho Raila, ambayo programu ya kuchambua maneno itaitupa kwenye kapu la siasa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla ya kutafuta mchangiaji yeyote ni kuandika daftari la mahali. Vijiji vyote kwa majina yanayotumiwa na wakazi, na chini ya kila kijiji alama tano au sita zisizohama: kituo cha Olympic, uwanja wa Kamukunji, soko la Toi, msikiti wa Makina, daraja fulani, kivuko cha reli. Alama 60 hadi 80 zinatosha mtaa mkubwa kama huo. Kila alama ipewe nukta yake kwenye ramani. Mhariri wa zamu akiwa na daftari hilo hahitaji kubahatisha, na mchangiaji mpya anaelewa kwamba "karibu na reli" si mahali, kwa kuwa reli inapita Kibera kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Turudi kwenye ujumbe wa maji. Mhariri anampigia aliyeutuma, na maswali ni machache. Ni Soweto ipi, karibu na nini? Ni bomba la nyumbani au kibanda cha kuuzia maji? Vimefungwa vibanda vingapi, na umeviona mwenyewe? Mtungi wa lita 20 leo mnaununua wapi na kwa bei gani, na wiki iliyopita mlinunua kwa bei gani? Kuna jirani mwingine tunayeweza kumpigia? Simu hiyo haizidi dakika tano. Baada yake anapigiwa jirani, halafu kampuni ya maji. Kinachotoka kinaweza kuwa hivi:

"Vibanda vitatu vya maji kando ya kivuko cha reli, Soweto Mashariki, vimefungwa tangu Jumanne. Wakazi wawili waliohojiwa kila mmoja peke yake wanasema wanafuata maji Laini Saba, ambako mtungi wa lita 20 unauzwa mara mbili ya bei ya wiki iliyopita. Kampuni ya maji ilipigiwa simu Alhamisi saa nne asubuhi na haikuwa imejibu tulipochapisha saa kumi jioni."

Neno "wanateseka" limeondoka, na hakuna anayelikosa, maana bei imelisema. Halafu inafuata hatua inayorukwa karibu kila mahali: mhariri anampigia tena yule aliyetuma ujumbe kumwambia habari imetoka, iko wapi, na kampuni ikijibu ataambiwa. Kisha anamuuliza kama anaweza kupita kwenye vibanda vilevile kesho jioni na kutuma neno moja, "wazi" au "fungwa". Anayekubali ameshakuwa mchangiaji. Hakusoma tangazo, hakujaza fomu, hakuhudhuria semina. Katika njia zote za kupata watu, hii ndiyo tunayoiamini kuliko nyingine.

Kujitolea kwa mtu anayeishi kwa kibarua

Suala la malipo liliibuka mapema Kibera, na lingeibuka popote penye hali kama ile. Mtaa ulishazoea mashirika yanayotoa marupurupu ya kikao: unakuja, unasaini, unapewa bahasha na soda. Kijana akiambiwa kwamba mradi huu ni wa kujitolea huku ukiwa na jina la mfadhili na wageni wenye kompyuta, haoni kwa nini yeye peke yake ndiye ajitolee. Yuko sawa kuuliza. Siku moja ya kuandika habari ni siku moja ya kibarua iliyopotea, na nyumbani kunasubiriwa unga.

Miradi mingi hujibu vibaya kwa moja ya njia mbili. Wengine huhubiri moyo wa kujitolea huku mchangiaji akilipia data, nauli na muda wa maongezi kutoka mfukoni. Watu hao hudumu wiki chache, halafu hubaki tu wale ambao kwao kuna mshahara mwingine, na tovuti ya mtaa maskini inageuka kuandikwa na wenye nafuu. Wengine hulipa kwa kila taarifa. Hapo idadi inapanda kwa kasi na ubora unaanguka kwa kasi hiyohiyo: moto mmoja unakuja kama taarifa nne, mkutano mmoja unakatwa vipande vitatu, na anaanza kuonekana mtu anayeandika habari ya mahali asikofika. Mhariri sasa ni karani wa malipo.

Tunaona njia inayokubalika ni kutenganisha mambo mawili kwa maandishi tangu siku ya kwanza. Gharama hurudishwa kwa kila mtu na kwa kiwango kimoja: data, nauli ya kazi aliyoagizwa, muda wa maongezi. Hurudishwa ndani ya wiki kwa pesa za simu, bila kuombwa mara mbili. Malipo ya kazi ni jambo jingine, na huwa kwa kazi iliyoagizwa tu, yenye mwisho wake, kama kufuatilia bajeti ya shule au kupiga picha za mradi mzima. Kiwango kiandikwe na kila mtu akione. Fedha za mradi zikija, taja hadharani ni kiasi gani na za nini. Siri ya fedha imevunja vikundi vingi kuliko uhaba wa fedha wenyewe.

Kuna malipo mengine yasiyo ya pesa ambayo ni ya kweli mradi yasitumike kumpumbaza mtu: jina lake juu ya habari kama anataka, barua ya kuthibitisha kazi aliyofanya, ruhusa ya kutumia kamera na kompyuta ya ofisi, na umiliki wa kazi yake. Mchangiaji abaki na hakimiliki ya picha na maandishi yake. Tovuti iwe na ruhusa ya kuchapisha. Gazeti kubwa likitaka kununua picha ya moto, simu inakwenda kwa aliyepiga picha.

Tangazo linaloleta watu

"Tunatafuta waandishi wa kujitolea wenye ari" huleta makundi mawili: wanaotafuta kazi ya kulipwa, na wanaotaka kuandika maoni ya siasa. Mama anayeuza mboga Makina na kujua kila kinachotokea sokoni hajioni katika neno "mwandishi". Tangazo likimwomba kitu anachokijua, atajibu.

Liwe hivi: "Unapita Barabara ya Kibera kila asubuhi? Tunahitaji watu wanne wa kutueleza kila Ijumaa taa zipi za barabarani haziwaki. Ni dakika kumi, kwa sauti ya WhatsApp, Kiswahili au Sheng. Data tunarudisha. Mhariri atakupigia siku hiyohiyo." Limetaja kazi, muda, lugha, gharama na nani atajibu. Limetaja pia idadi, na hiyo ina maana yake, kwa kuwa nafasi nne zikijaa unalifunga tangazo na unakuja na jingine wiki nyingine.

Mfano mzuri wa kazi inayogawanyika hivyo ni barabara. Tarehe 23 Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini Kenya, inayounganisha Barabara ya Ngong na Lang'ata. Maelfu walipoteza nyumba, na shule kadhaa zikabomolewa. Siku ile kamera za nchi nzima zilikuwepo. Kazi ya tovuti ya mtaa katika jambo kama hilo iko kwenye miezi ya kabla na miaka ya baada: mstari wa barabara unapita juu ya majengo yapi, nani amehesabiwa na nani ameachwa, notisi ilitolewa tarehe gani na kwa maandishi gani, watoto wa shule zilizobomolewa walikwenda wapi. Ukanda wa kilomita moja ukikatwa vipande vya mita 200, unahitaji watu watano, kila mmoja na kipande anachoishi, daftari, na maswali manne yaleyale kwa kila mlango. Mtu ambaye hajawahi kuandika habari anaiweza kazi hiyo kikamilifu, na akiimaliza anajua kuhoji.

Pa kubandika tangazo ni pale watu wanaposubiri: kibanda cha maji, kinyozi, stendi ya boda boda, lango la zahanati, kikao cha chama, na redio. Kibera ilikuwa na Pamoja FM, na dakika mbili za redio ya mtaa hufika mbali kuliko mwezi mzima wa kubandika kwenye mitandao. Walimu na wahudumu wa afya wa jamii ni wachangiaji wazuri sana, ila wana waajiri. Waulizwe kwanza wanaruhusiwa kusema nini kwa majina yao.

Mtu akijitokeza, wiki ya kwanza ndiyo inayoamua. Jibu lifike ndani ya saa 24, likiwa na kazi moja ndogo. Kazi ya kwanza ichapishwe ndani ya siku saba hata kama ni maneno 80. Mafunzo marefu kabla ya kuchapisha chochote hukusanya watu wa semina, na tunayashauri yaje baada ya kazi ya pili au ya tatu, mtu anapojua mwenyewe kinachomsumbua.

Hesabu ya mhariri

Kwenye mipango ya tovuti hizi huandikwa idadi ya wachangiaji wanaotafutwa, mara nyingi 50. Saa za wahariri haziandikwi. Habari ya maneno 200 kutoka kwa mtu mpya humla mhariri kama saa moja: kupiga simu mbili, kuhakiki mahali, kuandika upya sentensi, kumwonyesha mwandishi kilichobadilika na sababu yake. Mhariri wa kujitolea anayetoa saa tano kwa wiki anaweza kubeba habari nne au tano, basi. Wahariri watatu, habari 12 hadi 15. Ukiita watu 50, zaidi ya 30 hawatajibiwa, na hao hawarudi tena. Watawaambia wenzao kwamba ile tovuti ni ya wenyewe.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mchangiaji wa kwanza wa kutafuta ni mhariri. Atoke mtaani, awe mtu anayepokea simu, na awe na zamu inayojulikana. Zamu ya siku mbili mbili inafaa kuliko ya wiki nzima, kwa kuwa mwenye kazi nyingine huchoka siku ya nne na foleni ikajaa. Anayetoka zamu aache maandishi mafupi: nini kinasubiri jibu la nani, nani aliahidiwa nini.

Habari yoyote inayomtuhumu mtu au ofisi ipite kwa wahariri wawili, na anayetuhumiwa apewe nafasi ya kujibu, kwa muda uliotajwa, kabla ya kuchapisha. Majina ya waliofariki yasubiri familia. Sura za watoto, wagonjwa na waliobakwa hazitoki. Hakuna haja ya kanuni za kurasa kumi. Ukurasa mmoja uliobandikwa ukutani unasomwa.

Picha zina mtego wake. Ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, inapunguzwa na kupoteza taarifa za ndani, yaani saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama faili inabaki nazo. Kwa kuhakiki unataka ya asili, hivyo mwombe mchangiaji aitume kama faili, ilinganishe na daftari la mahali, kisha tengeneza nakala ya tovuti yenye upana wa pikseli 1200 na uzito wa chini ya KB 150, taarifa za ndani zikiwa zimefutwa. Ukiisahau hatua hiyo ya mwisho, umemwonyesha kila mtu mlango wa aliyepiga picha ya magendo ya stima, yaani umeme wa kuiba.

Wakati wa uchaguzi kanuni hizi zote hujaribiwa kwa saa chache. Voice of Kibera ilikusanya taarifa katika kura ya maoni ya Agosti 4, 2010 na katika uchaguzi mkuu wa Machi 4, 2013, na funzo la kazi hiyo linafaa popote: wachangiaji wapangwe kwa kituo cha kupigia kura, wajulikane kwa majina na wahariri kabla ya siku yenyewe, na watume taarifa hata pakiwa shwari. "Saa tano, foleni ndefu, hakuna tatizo" ni habari inayozuia uvumi. Ujumbe kutoka nambari isiyojulikana unaodai watu wamepigwa hausogei mpaka mtu wa kituo hicho aulizwe. Na usiwahi kumtuma mchangiaji aende kuhakiki vurugu; mtafute aliyekwisha kuwepo pale.

Kuta, karatasi, redio

Mwaka 2010 wengi wa wakazi hawakuwa na simu za intaneti, na tovuti ilisomwa zaidi na watafiti na wafadhili wa mbali kuliko jirani wa Kianda au Gatwekera. Map Kibera walilijibu hili kwa kuchapisha ramani kwenye karatasi na kuzichora kwenye kuta za mtaa, zikionyesha usalama, afya na huduma nyingine. Ukutani ramani inasomwa na asiye na simu, inabishaniwa, na anayepita akiona choo chake hakipo anasema hapohapo.

Uamuzi huo tunauthamini kuliko teknolojia yote iliyoutangulia. Kijana anayeandika habari inayoonekana Oslo na isiyoonekana kwa mama yake hana sababu ya kuandika ya pili. Leo simu janja zimeenea, lakini data bado ni fedha, kwa hiyo shabaha ni ileile. Ukurasa wa habari usizidi KB 500 pamoja na picha zake. Toleo la wiki la sauti, dakika tatu, lirushwe kwenye makundi. Karatasi moja ya A4, pande mbili, itolewe nakala 100 kila wiki mbili na kubandikwa kwenye vibanda, vinyozi na maduka ya dawa. Nambari ya kutuma taarifa ikae juu kabisa kwa herufi kubwa. Video iwe ya sekunde 60 hadi 90. Na habari zote zitoke kwa Kiswahili kwanza. Tafsiri ya Kiingereza ya kuwaonyesha wafadhili inaweza kusubiri wiki.

Nenosiri, jina la tovuti na sheria

Tovuti nyingi za kujitolea hazifi kwa kukosa habari. Hufa siku jina la tovuti linapokwisha muda, na aliyelisajili kwa barua pepe yake amehamia nchi nyingine. Jina lisajiliwe kwa kikundi, malipo yafanywe ya miaka miwili kwa pamoja, na watu wawili wasio wa familia moja wawe na funguo. Nakala ya tovuti nzima ichukuliwe kila mwezi na kuwekwa nje ya seva. Programu nazo huzeeka: waliojenga juu ya toleo la pili la Ushahidi waliachwa nyuma toleo jipya lilipokuja na muundo mwingine, na ramani za mtaa za miaka ile katika nchi nyingi hazifunguki tena. Weka habari zako pia kama maandishi matupu yenye tarehe na mahali, yanayoweza kuhamishwa kwenye mfumo wowote.

Kwa upande wa sheria, Kenya mahakama iliondoa kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya kashfa ipo na gharama yake inaweza kuzima kikundi. Sheria ya 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta ilileta vifungu vya adhabu kwa taarifa za uongo, vilivyobishaniwa mahakamani tangu siku za mwanzo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu mara tu unapotunza nambari za simu za watoa taarifa: zitunzwe mahali pamoja, zionwe na wahariri tu, na zifutwe zikimaliza kazi. Tanzania ina hatua ya kabla ya hapo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni na ada, na Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, na wengine walisimamisha huduma kwa muda. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, kwa hiyo anayeanzisha tovuti ya mtaa Temeke au Nyamagana aulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, masharti ya sasa kabla ya kununua jina.

Fedha, na nani anarudi

Map Kibera ilijiandikisha kama amana (kwa Kiingereza "trust") na kuendelea kwa ufadhili wa mradi mmoja mmoja, UNICEF ikiwa miongoni mwa waliosaidia mapema, na kazi ikavuka hadi Mathare. Fedha za namna hiyo hununua ramani, mafunzo na vifaa. Mara chache hulipa mhariri wa Jumanne usiku. Tatizo hilo si la mitaa maskini pekee. Huko Wales, mji wa chuma wa Port Talbot ulipoteza gazeti lake, Port Talbot Guardian, mwaka 2009. Waandishi wa habari, Rachel Howells akiwa mmoja wao, wakaunda ushirika na kufungua tovuti ya Port Talbot Magnet, baadaye na gazeti la bure la kila miezi mitatu. Walikuwa wataalamu wa fani, katika nchi tajiri, na mji uliwahitaji. Mwaka 2016 walifunga. Saa za kazi zilizidi fedha za matangazo, na waliobaki hawakuweza kubeba zaidi.

Kwa hiyo bajeti ya tovuti ya mtaa ianze na nusu siku ya mhariri mmoja anayelipwa, kabla ya kamera, kabla ya fulana, kabla ya uzinduzi. Kama fedha hiyo haipo, punguza kazi ilingane na watu: habari tatu kwa wiki zilizohakikiwa, mambo mawili mnayoyafuata mwaka mzima, kwa mfano maji na shule, na mengine myaache kwa redio.

Cha kuhesabu kila mwezi ni kimoja: kati ya waliotuma taarifa yao ya kwanza, wangapi wametuma ya pili. Wasomaji hupanda na kushuka kwa moto na uchaguzi, lakini namba hii inaeleza hali ya meza ya uhariri. Ikishuka, mhariri awapigie watano waliotuma mara moja wakanyamaza, awaulize taarifa yao iliishia wapi. Mara nyingi mtu atajibu kwamba hakujua kama ilifika.